Kabla ya kioo, uliza nondo: dirisha la alumini la kufungua linapoingia Issenye

Mama alikisukuma kioo cha dirisha la sebuleni kikaenda kushoto, akakirudisha kulia, kisha akanigeukia mikono ikiwa kiunoni. "Mwanangu, hili nalo dirisha? Likifumbua jicho hili, lile linafumba."

Ilikuwa Februari, saa nane mchana, bati zinalia kwa joto. Dirisha lenyewe nililinunua kwa jasho langu: la kusukuma, futi tano kwa tano, lililosafiri juu ya Fuso katikati ya magodoro mawili hadi Issenye. Siku linapachikwa majirani walikuja kulitazama na watoto wao wakajiangalia kwenye kioo. Mwaka mzima nililisifu. Mama alihitaji nusu dakika tu kulielewa: nimelipia tundu la futi za mraba 25, hewa inapita kwenye 12.

Safari hii naongeza vyumba viwili upande wa mashariki na nimeapa sitarudia. Nimeamua kuweka madirisha ya alumini ya kufungua nje, yale yanayoning'inia pembeni kama mlango, ambayo mafundi wa mjini wanayaita kesimenti. Nimepita karakana za Mugumu, Bunda na Musoma na tepu mfukoni, nimeuliza maswali ya maana na ya kijinga, na la kijinga kuliko yote ndilo lililonisaidia zaidi. Nitalifikia.

Issenye iko wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, jirani na Wanata na Waikoma, na pori la akiba la Grumeti lililotangazwa 1994 tunalo mlangoni. Kiangazi nyasi zinaungua na majivu yanapeperuka hadi kwenye sahani. Lori likipita, vumbi linaingia ndani na kukaa kama mgeni asiyeaga. Mvua nayo haina adabu ya kushuka wima. Inakuja jioni na upepo wake, inapiga ukuta kwa ubavu. Mbu hawahitaji maelezo. Dirisha la huku lina kazi nyingi kuliko lile la kwenye picha za simu, ambalo ng'ambo yake kuna bustani na ukungu.

Ukishika njia ya kutoka Makutano kupitia Butiama, Nyamuswa na Nata kwenda Mugumu, unaweza kukisia umri wa nyumba kwa kutazama madirisha yake. Nyumba za udongo za wazee zina tundu la kupitisha kichwa cha mbuzi, na kwa nchi iliyozoea wizi wa ng'ombe lile tundu dogo lilikuwa na akili zake. Baadaye yalikuja madirisha ya mbao, ubao mmoja au miwili, ukifunga mchana unawasha taa. Halafu zikaja luva, vioo vyembamba vilivyopangwa kama magamba ya samaki. Kwa hewa, luva haikuwa na mpinzani. Tatizo mwizi aliipenda zaidi kuliko mwenye nyumba: alichomoa kioo kimoja kimoja na kukipanga chini bila kelele, kama mtu anayetoa vyombo kabatini. Sasa ni alumini ya kusukuma kila mahali, hata kwenye boma ambalo bado halijapigwa plasta.

Ila kwenye majengo ya zamani ya serikali na misheni utakuta dirisha jingine: la chuma, la kufungua nje, limepakwa rangi mara kumi, na chini yake lina mkono wenye matundu wa kulizuia upepo usilibamize. Kampuni ya Crittall ya Essex, Uingereza, ilianza kutengeneza madirisha ya chuma ya aina hiyo 1884, na mtindo ukafuata bendera ya Waingereza hadi kwenye zahanati na madarasa ya huku. Kwa hiyo kesimenti si mgeni kwetu. Wengi wetu tulisomea hesabu chini yake. Kilichobadilika ni chuma kuwa alumini, na mkono wa matundu kuwa mikono miwili ya chuma kisichoshika kutu iliyofichwa juu na chini ya bawa, ile sehemu inayofunguka, inayobana yenyewe na kulishikilia pale ulipoliacha.

Tofauti yake na la kusukuma iko kwenye kufunga kuliko hata kwenye kufungua. La kusukuma lazima liteleze, na kitu kinachoteleza hakiwezi kubana. Kati ya kioo na fremu wanaweka manyoya mafupi kama ya mswaki, na vumbi letu linapita kwenye manyoya hayo kama halijaona kitu. Bawa la kufungua linavutwa na kitasa likakandamiza raba pande zote nne. Jaribio ni rahisi: weka karatasi kati ya bawa na fremu, funga, kisha ivute. Ikitoka kirahisi, hapo ndipo vumbi la Agosti litapita. Rudia kila kona, maana fundi hodari wa kona moja si lazima awe hodari wa zote. Kitasa nacho kitazame kinabana sehemu ngapi. Kinachoshika katikati peke yake kinaacha ncha za juu na chini zikipepea. Tafuta kinachoshika sehemu mbili au zaidi.

Ukubwa wa bawa una mpaka. Kioo cha milimita 5 kina uzito wa kilo 12.5 kwa kila mita ya mraba. Dirisha la futi nne kwa nne ukiligawa mabawa mawili, kila bawa linakuwa na upana wa sentimita 60 na urefu wa 120, na kioo peke yake kinafika kilo 9, nusu debe la mahindi linaloning'inia kwenye mikono miwili mchana na usiku. Hapo ningeishia. Mtu anayetaka bawa la mita nzima kwa sababu linapendeza anaagiza dirisha litakaloinama baada ya misimu miwili na kukwaruza fremu kila likifungwa. Kama tundu ni pana, ligawe mara tatu. Na kama una nafasi juu, weka kidirisha kidogo kinachofunguka kwa chini, kile cha kuachwa wazi hata mvua ikinyesha. Joto la bati linapenda kutokea juu.

Sasa lile swali la kijinga. Katika karakana ya kwanza nilimuuliza fundi: "Nondo zinakaa wapi?"

Akanitazama. "Zinakaa nje, mzee, kama kawaida."

"Na bawa linafungukia wapi?"

"Nje." Kisha akanyamaza, akacheka mwenyewe.

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na nadhani ndiyo sababu kubwa ya la kusukuma kuitawala nchi hii bila mshindani. La kusukuma halimgombezi mtu: nondo nje, wavu wa mbu kwenye reli yake, vioo kwenye reli zao, basi. La kufungua nje likikutana na grili iliyochomelewa nje, linafunguka kiasi cha kupitisha barua. Nimeiona nyumba ya namna hiyo kwa macho yangu, nzuri, imepakwa rangi ya maziwa, madirisha yote ya kesimenti, na hakuna hata moja linalofunguka zaidi ya kiganja. Mwenye nyumba anasema analipenda hivyo hivyo.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni bawa lifungukie ndani, nondo na wavu vibaki nje. Wazungu wengi wa bara la Ulaya wanaishi hivyo. Mimi sikuitaka: linapigana na pazia, linampiga mtoto kichwani, na mvua yetu ya ubavu inalisukuma bawa liachie raba badala ya kulibana. Ya pili ni bawa nje, fremu isogezwe karibu na uso wa nje wa ukuta, na nondo zihamie ndani. Ukuta wa tofali una kina cha kutosha kwa kazi hiyo, lakini fundi lazima aambiwe mapema, kabla ya plasta, kwamba grili inakaa upande wa chumbani. Na mchomeleaji aambiwe aache nafasi ya mkono pale kitasa kilipo. Niliona grili maridadi yenye maua iliyoziba kitasa. Kulifunga dirisha lile kulihitaji mkono wa mtoto wa miaka sita, na mtoto mwenyewe alikuwa shuleni.

Chumba cha kulala kimoja angalau kiwe na grili inayofunguka, yenye kufuli kwa ndani na ufunguo kwenye msumari unaojulikana hata gizani. Moto ukishika mlangoni hutatoka kwa kusali tu.

Wavu unabaki. Ukikaa ndani, kati yako na kitasa, lazima uufungue ndipo ulifikie dirisha. Nilimweleza mama mpango huu kwa kuchora mchangani. Akauliza, "Kwa hiyo nikitaka hewa nifungue milango miwili?" Ndiyo, mama. Wavu uwe kwenye fremu yake nyembamba yenye bawaba. Asubuhi unafungua, unasukuma bawa, unarudisha wavu, na huligusi tena hadi jioni. Sekunde kumi. Jioni ukilifunga kabla jua halijazama, mbu hawajaamka. Wavu una faida nyingine ambayo mafundi hawaitangazi: unamchelewesha mwizi wa upondo, yule anayenyoosha fito ndefu usiku na kuvua suruali yako kutoka kwenye kiti.

Kuhusu mbu niseme jambo ambalo muuza madirisha hatakwambia, kwa kuwa halimpi pesa. Mbu wa malaria wanapenda sana kuingilia juu, kwenye upenyo ulioachwa kati ya ukuta na paa. Utafiti wa Gambia uliochapishwa 2009 katika jarida la The Lancet ulilinganisha nyumba zilizowekwa nyavu madirishani na milangoni, zikazibwa na upenyo huo wa juu, na nyumba zisizoguswa. Katika zisizoguswa, watoto 30 kati ya 100 walikuwa na upungufu wa damu. Katika zilizozibwa zote, 19. Anayeweka kesimenti ya bei mbaya chini ya paa lenye upenyo wa ngumi amemfungia mbu mlango na kumwachia paa.

Tuje kwenye alumini yenyewe. Watu wa huku tuliijua kwanza jikoni, kwenye sufuria. Hadi 1886 ilikuwa kitu cha fahari. Miaka miwili kabla ya hapo Wamarekani waliiweka kwenye ncha ya mnara wa Washington kama watu wanavyoweka dhahabu. Kisha Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kivyake, wakapata njia ya kuitenga kwa umeme, na bei ikaporomoka mpaka tukaisongea ugali. Ya madirisha si alumini tupu. Imechanganywa na magnesi na silikoni kidogo iwe ngumu, na mchanganyiko unaotumika zaidi una namba 6063. Uzito wake ni kama theluthi moja ya chuma, na ndiyo maana jicho na mkono vinadanganyika: profaili, yaani vipande vya kuundia fremu, nene na nyembamba zote zinaonekana nyepesi.

Nilibeba kalipa, kipimo cha unene. Katika karakana moja kijana alinipa kipande cha profaili, akakigonga mezani. "Sikia hiyo, mzee. Nzito." Nikaibana kalipa ukingoni: milimita 0.9.

"Umekuja na kipimo?"

"Nimekuja nacho, mura."

Akaingia ndani, akatoka na kipande kingine cha rangi ile ile na umbo lile lile. Milimita 1.3. "Hii ni ya wateja wanaopima," alisema, bila aibu hata kidogo, na nikampenda kwa ukweli wake. Kwa bawa linaloning'inia mimi sishuki chini ya 1.2. La kusukuma linakaa juu ya reli, uzito wake umebebwa na fremu. La kufungua limebebwa na riveti na skrubu zilizong'ata ukuta wa profaili yenyewe, na ukuta wa 0.9 unaachia kama karatasi iliyotobolewa karibu na ukingo.

Shirika la Viwango Tanzania linaweza kuhangaika na ubora wa bidhaa kiwandani, lakini dirisha linazaliwa karakanani, kwenye meza ya fundi wako. Kwa hiyo mtazame anavyofanya kona. Vipande vikatwe kwa pembe ya nusu mraba, vikutane bila kuacha mstari wa mwanga, na ndani ya kona kuwe na kipande cha kuvishikanisha, si silikoni pekee. Shika bawa kwenye kona mbili zinazotazamana ulitikise kama unayepepeta. Likicheza mkononi, ukutani litacheza zaidi. Kisha pima mshazari, kona hadi kona, pande zote mbili. Namba zikipishana kwa zaidi ya milimita 3, umeuziwa kitu kilichopinda. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida kikikutana na alumini na maji ya mvua, vinalana, na mwaka wa pili unaona machozi ya kahawia chini ya kila bawaba.

Nikirudi kwenye dirisha langu la kwanza, kosa lake kubwa halikuwa lile aliloliona mama. Masika ya kwanza maji yalijaa kwenye reli ya chini na kumwagikia sebuleni. Fundi niliyemwita akaja na bomba la silikoni, akachuchumaa nje, akaona vijitundu viwili chini ya fremu, akaviziba vizuri sana, akalipwa. Mvua iliyofuata tulideki kwa ndoo. Vile vijitundu ndivyo vilivyokuwa njia ya maji kutokea nje. Kila fremu ya alumini, ya kusukuma au ya kufungua, lazima iwe navyo, na lazima vibaki wazi. Siku hizi nikifika kwenye nyumba yoyote mpya nainama kuvitafuta kabla sijasalimia, na watu wameanza kunitazama vibaya.

Vioo havinichukulii muda. Milimita 5 inatosha kwa dirisha la nyumbani, na kwa lile lililo chini, usawa wa magoti, lipia kioo kilichokomazwa kwa moto, kile kinachovunjika kuwa punje badala ya visu. Tangu 2023 Tanzania ina kiwanda cha vioo bapa cha Sapphire Float Glass huko Mkuranga, mkoa wa Pwani, kwa hiyo hadithi kwamba kioo kimechelewa kwa sababu kiko baharini isikutishe. Ninachogombana nacho ni kioo cha kujiangalia, kile cha bluu au kahawia kinachong'aa kwa nje. Watu wanakinunua wasionekane ndani. Mchana ni kweli. Usiku, ukiwasha taa, kinageuka: wewe unajiona mwenyewe kwenye kioo, na barabara nzima inakuona unavyokula. Tena ndege wanakichukia. Kwa jirani yangu kuna kindege kinachofika kila asubuhi kupigana na dume mwenzake aliye ndani ya kioo, na hakijashinda hata siku moja.

Muuzaji mmoja alitaka kuniuzia fremu yenye ukanda wa plastiki katikati, wa kukata joto lisipite kwenye alumini. Ni kitu kizuri sana kwa mtu wa Stockholm, ambako nje ni baridi kali na ndani kuna moto. Kwangu mimi, ambaye dirisha liko wazi mchana kutwa, ni kununua koti la manyoya. Pesa hiyo nimeipeleka kwenye kurefusha paa, jua na mvua visifike kwenye kioo.

Kupachika kuna sheria moja ambayo naona inavunjwa kila siku: alumini iingie ukutani baada ya plasta, si kabla. Saruji mbichi inaila rangi ya alumini na kuacha mabaka meupe yasiyosuguka hata kwa dua. Kama fundi analazimisha kuanza na fremu, asibandue ile karatasi ya plastiki ya kiwandani mpaka kazi ya saruji iishe. Tundu la ukuta wa tofali za kuchoma halijanyooka kamwe. Lipime upana mara tatu, juu, katikati na chini, na urefu mara tatu, uchukue kipimo kidogo, kisha punguza sentimita moja. Nafasi hiyo ijazwe silikoni, siyo saruji, maana fremu ya mita 2 ikitoka kwenye baridi ya alfajiri hadi kupigwa na jua inarefuka karibu milimita 2 na lazima ipate pa kwenda. Pima maji liwekwe juu ya fremu mbele yako. Bawa la kufungua halisamehe fremu iliyoinama. Linajifungua lenyewe usiku na kukufanya uamini mambo.

Madirisha manne yalipachikwa wiki mbili zilizopita. Jumatano jioni wingu lilijikusanya, upepo ukainua vumbi la njia yote, na mvua ikaja kwa ubavu kama kawaida yake. Mama alipita chumba hadi chumba akivuta mabawa, kitasa kinalia tak, tak. Mimi nilibaki sebuleni na ndoo, kwa mazoea.

Asubuhi nilimkuta chumba cha mashariki. Alikuwa amepitisha ncha ya khanga kwenye kizingiti cha dirisha, kona hadi kona, na sasa anaitazama. Kavu, safi. Akafungua wavu, akasukuma bawa moja, kisha la pili, na tundu lote likawa wazi. Uani kulionekana jiko lake la kuni, na moshi ukitoka kwenye kitundu kimoja kidogo karibu na paa.

"Na kule ninakoshinda," akaniuliza, "utaleta lini?"